Deraya za Leeds, Ngao za Kigali

Mwaka 2011 Graham Askew wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hakuna mhifadhi wa makumbusho angekubali lifanywe kwa deraya za kale zenyewe. Waliwachukua watu waliozoea kuvaa deraya katika maonyesho ya jumba la Royal Armouries, wakawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia wakiwa wamefunikwa chuma mwili mzima, wakapima hewa waliyovuta na kutoa. Deraya hizo zilikuwa na uzito wa kati ya kilo 30 na 50, na kutembea ndani yake kulikula nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea bila kitu. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa miguuni, kwa kuwa chuma kilichofungwa kwenye mashavu ya miguu na nyayo lazima kinyanyuliwe kwa kila hatua; tena kifua kilichobanwa kilimlazimisha mvaaji kupumua kwa pumzi fupi fupi. Wanahistoria walikuwa wamebishana muda mrefu kuhusu uchovu wa askari wa karne ya 15. Safari hii walipata takwimu, na waliowezesha zipatikane ni mafundi wa leo waliokaa na nyundo wakatengeneza nakala zinazovalika.

Sisi Wanyarwanda tunaoishi huku Ulaya, tukienda Kigali likizo, tuna ulinganisho wetu wa haraka. Tunasema wenzetu wa Ulaya wanatunza ufundi wa mababu zao, sisi tumeugeuza biashara ya watalii. Ulinganisho huo una ukweli kidogo na uvivu mwingi. Nakala za hovyo zimejaa Ulaya pia: deraya za bati jembamba zinazofinyangwa kiwandani, nyingi India, na kusimamishwa kwenye kona za hoteli, zikianguka zinabonyea kama debe. Na mafundi wa Kigali hawana upungufu wa mikono. Ninachokiona kinawatofautisha ni kwamba nakala bora za Ulaya zina mdai, yaani mtu mwenye haki na uwezo wa kuirudisha kazi kwa fundi akisema hii siyo. Ngao inayochongwa Kigali mara nyingi haina mtu wa namna hiyo, au ina mdai mwenye haja tofauti kabisa.

Hebu tuiangalie kazi yenyewe. Fundi wa deraya huanza na bamba la chuma lenye unene wa milimita moja hadi mbili. Hulikata kwa kufuata kiolezo cha karatasi, akaliweka juu ya kigogo kilichochimbwa kishimo, akalipiga kwa nyundo yenye uso wa mviringo huku akilizungusha polepole. Kila pigo hulizamisha bamba kidogo na kulifanya gumu kidogo. Likishakuwa gumu mno mlio wake hubadilika, unakuwa mkali, na fundi anayejua kusikiliza hulirudisha motoni mpaka liwe jekundu, akaliacha lipoe, kisha akaanza tena. Kofia moja huweza kuingia motoni mara nyingi kabla ya kupata umbo. Baadaye hulaza mikunjo juu ya fuawe ya duara, pigo jepesi kando ya pigo jepesi, hadi kidole kikipita juu kisihisi alama. Kigumu zaidi ni kuunganisha mabamba kwa ribiti na mikanda ya ngozi ili kiwiko kikunjike bila kuacha upenyo wa kupitisha ncha ya jambia. Hapo ndipo nakala nyingi nzuri kwa macho hushindwa.

Miondoko hiyo haitamshangaza mtu aliyepita Kamukunji, Nairobi, ambako mafundi wa jua kali hufungua mapipa ya mafuta na kuyageuza masanduku, majiko na makarai kwa nyundo tupu. Haitamshangaza pia fundi wa Gakiriro ya Gisozi, kule Kigali, walikokusanywa maseremala na wachomeleaji wa mji. Mageti ya maua ya chuma yanayotoka pale yanahitaji jicho la vipimo na mkono usiotetemeka. Ukimpa fundi wa Gisozi bamba, kigogo na mwaka mmoja wa kuharibu, atakupa kofia ya chuma. Lakini geti lina mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulifungua na kulifunga siku ile ile, akalikataa likikwaruza sakafu. Ngao iliyoko Caplaki, soko la kazi za sanaa pale Kicukiro, itaagwa na muuzaji na kupanda ndege. Kipimo chake kikuu ni begi la mtalii.

Deraya za Ulaya zina wadai wa aina tatu, na nguvu zao hazilingani. Wa kwanza ni mpiganaji. Wako watu wanaopigana kwa panga butu kama mchezo, na wengine hushindana kwa mikuki juu ya farasi. Kofia isipokaa sawa, mwenye kichwa atajua kabla ya fundi. Wa pili ni makumbusho, yanayomruhusu fundi mwenye sababu kushika kitu cha asili, kukigeuza, kukipima unene na kupiga picha upande wa ndani ambao mgeni wa kawaida haoni. Wa tatu ni mtafiti. Mwaka 2003 Alan Williams alichapisha kitabu kinene juu ya metali ya deraya, baada ya kuchunguza kwa hadubini vipande vingi kutoka makusanyo ya Ulaya, na alionyesha jinsi ubora wa chuma ulivyotofautiana kati ya mji na mji na kati ya karakana na karakana. Tangu hapo fundi hawezi tena kudai kwamba bamba la kiwandani, lenye unene ule ule pembe hadi pembe, ni sawa na la karne ya 15, ambalo mara nyingi lilikuwa nene katikati ya kifua na jembamba ubavuni ili kupunguza uzito. Wengi bado hutumia la kiwandani kwa sababu ni rahisi, ila sasa wanajua wamekosea wapi na kwa kiasi gani.

Kigali, mdai mkubwa wa ngao na mkuki ni ngoma. Intore, wacheza ngoma wa jadi wa Rwanda, wanapocheza wamevaa manyoya marefu ya katani kichwani na njuga miguuni, hushika mkuki na kigao kidogo, na kifaa kisichofuata mwendo wa mkono huachwa nyuma ya pazia. Huyo ni mdai halali, tena mkali. Lakini anadai wepesi, rangi inayoonekana kutoka viti vya nyuma, na mpini usioteleza kwa jasho. Hadai kwamba mti uhimili mshale. Kwa hiyo kwa miaka mingi ngao ya jukwaani imekuwa ikienda njia yake, na si kosa la mtu yeyote. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza Intore katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, heshima iliyostahili. Swali la ngao ile inachongwaje, kwa mti gani, na na nani, halikupata jibu kwa heshima hiyo.

Nyumbani kuna nakala yenye mdai mzuri kuliko wote, nayo iko Rukari, Nyanza. Pale ikulu ya kienyeji imejengwa upya kwa mfano wa makazi ya mwami (mfalme) Yuhi V Musinga: nyumba kubwa ya duara, paa la nyasi lililofumwa mpaka chini, na ndani mapambo ya mianzi na mikeka. Mdai wake ni mvua. Nyasi huoza, paa huvuja, na wajuzi wa kufuma lazima waitwe tena, jambo linalolazimisha ujuzi kupita kutoka mkono hadi mkono. Ufaransa wana mfano wa karibu, Guédelon, ngome wanayoijenga tangu 1997 kwa zana za karne ya 13 tu, na wahunzi wake hutengeneza na kunoa patasi za waashi pale pale. Rukari na Guédelon zinafanana kwa jambo moja, kwamba kosa la fundi huonekana lenyewe.

Na kama mtu anadhani kujenga upya ili kujua ni desturi ya Wazungu, aangalie ng'ambo ya mto Kagera. Mwaka 1976, karibu na Bukoba, wazee wa Kihaya walioyeyusha chuma ujanani mwao, kisha wakaacha kwa miongo kadhaa baada ya chuma cha dukani kuishinda kazi yao, walijenga tanuri upya wakiwa na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Walilikandika kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakapenyeza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri badala ya kuiishilizia ukingoni, wakavukuta. Makala iliyotoka katika jarida la Science mwaka 1978 ilidai kwamba mirija ile ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba ndiyo sababu joto lilipanda kiasi kile. Wataalamu wengine wa metali walipinga hoja hiyo, na ubishi uliendelea kwa miaka. Ninaupenda ubishi huo kuliko sifa. Hakuna aliyeweza kubishana juu ya tanuri la Kihaya kwa vipimo kabla wazee hawajalijenga mbele ya watu.

Rwanda ina kila sababu ya kufanya hivyo. Mabaki ya matanuri ya kale ya chuma yamefukuliwa kuzunguka Butare, na kaburi la mwami Cyirima Rujugira lilipofukuliwa na mwanaakiolojia Francis Van Noten mwaka 1969 lilikutwa na vifaa vya chuma, nyundo zikiwamo, kwa sababu uhunzi ulikuwa jambo la enzi, si la kijijini tu. Nchi yenye historia hiyo inastahili nakala zilizokaguliwa.

Kuna pingamizi tatu ninazoziheshimu. Ya kwanza ni nzito: kwa nini kufufua silaha katika nchi ambako, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, mapanga, marungu na mikuki vilitumiwa na watu kuua majirani zao? Siwezi kumwambia mtu namna ya kuutazama mkuki. Ila nitasema kwamba mkuki tayari uko jukwaani, harusini na kwenye sherehe za taifa, asiyeutaka hajaulizwa. Na nitapendekeza kuanza na ngao. Rwanda ilipobadili nembo yake ya taifa mwaka 2001, kusudi iachane na ile iliyobeba kumbukumbu mbaya, ilichagua gurudumu la meno, kikapu, mtama, kahawa na ngao mbili. Mikuki haimo, ingawa nembo za Kenya, Uganda na Tanzania zote zinayo. Nadhani waliochora walijua walichofanya.

Ya pili husema utamaduni ulio hai haupimwi kwa rula. Ngao ya leo ni ya leo, mwacheni fundi. Nakubali nusu. Fundi anayebadili umbo kwa kujua ameacha nini ni msanii. Anayebadili kwa kuwa hajawahi kugusa ya zamani hakuchagua chochote, na huyo ndiye tunayemnyima, kisha tunamsifu kwa ubunifu. Kumfungulia kabati la makumbusho hakumfungi mikono.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua. Vitu vingi vya zamani vya Rwanda viko huku: Tervuren nje ya Brussels, katika makumbusho yaliyoanzia maonyesho ya 1897 na kufunguliwa upya Desemba 2018, na katika makumbusho ya Ujerumani, ambako msafara wa mwanamfalme wa Mecklenburg wa 1907 na 1908 uliacha sehemu ya ulichokusanya. Mpinzani atasema kwamba nakala ni kifuta machozi: wakishawapa vipimo na picha, watabaki na kitu chenyewe na kusema mmeridhika. Hatari hiyo ipo, na kwa sababu hiyo nisingetaka makubaliano yoyote ya nakala yaandikwe kama mbadala wa kurudisha. Lakini kusubiri kuna gharama. Wazee wanaojua mti upi hauchaniki ukikauka hawasubiri mikutano ya mawaziri. Tena fundi aliyetengeneza nakala kwa vipimo anakuwa shahidi mzuri kuliko hotuba, kwa kuwa anaweza kusema kitu kile kimetengenezwaje, kimerekebishwa wapi, na lebo ya kabatini imekosea nini.

Fedha? Huku deraya kamili ya mkono huuzwa maelfu ya pauni na mteja husubiri miezi, pengine zaidi, na bado mafundi wake si matajiri. Sitegemei soko kama hilo Kigali. Mteja wa kwanza anapaswa kuwa Inteko y'Umuco, taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa tangu 2020, na oda haina haja ya kuwa kubwa: ngao chache kwa mwaka, zichongwe na mafundi wawili watatu wa Gisozi walioketi kwanza na ngao za zamani za makumbusho ya Huye. Karatasi ya oda itaje aina ya mti, unene ukingoni na katikati, uzito kwa gramu, namna mshikio ulivyofungwa kwa nyuma, na jina la mtu atakayeikataa ikikosea. Vipimo vya zilizoko Tervuren sisi wa huku tunaweza kuviomba, kwa barua na kwa miadi, kabla ya likizo ijayo.