Muziki niliosema haupo

Wadau, leo nakuja kuungama.

Miezi michache iliyopita niliandika kwenye ukurasa wa burudani kuhusu The Thing, ile filamu ya John Carpenter ya mwaka 1982: watu 12 kwenye kituo cha utafiti huko Antaktika, na kiumbe kutoka anga za mbali anayeweza kujigeuza kuwa yeyote kati yao. Niliisifia sana, kisha nikamalizia kwa mbwembwe kwamba muziki wake ni kama haupo. Kikapita, kikachapwa.

Ukweli ni kwamba filamu hiyo niliiona nikiwa darasa la tatu, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Waliokulia uswahilini wanajua: jenereta linanguruma nje, mtafsiri anamsemea stelingi, anamsemea adui, mpaka mbwa anamsemea. Muziki ungesikika saa ngapi? Kabla ya kuandika niliirudia kwenye simu, ndani ya daladala, tena kwa kurukaruka.

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, fundi mitambo wa redio, akanivalisha hedifoni zake nzito akaniambia nifumbe macho. Mwanzo wa filamu, helikopta inamfukuza mbwa kwenye theluji. Chini yake kuna besi inayopiga mara mbili, inanyamaza, inapiga mara mbili tena. Mapigo ya moyo kabisa, ila hujui ni moyo wa nani. Juu yake sauti nyingine zinapita taratibu kama upepo, na hazikuambii uogope nini. Watu wale wanatazamana filamu nzima bila kujua nani bado ni mtu, na muziki nao hausemi. Mwishoni wamebaki wawili, moto unawaka, hakuna anayemwamini mwenzake, na moyo ule ule unarudi. Nilivua hedifoni nikaona aibu.

Mtunzi ni Ennio Morricone, yule Mwitaliano wa filamu za makauboi za Sergio Leone. Carpenter alizoea kujitungia mwenyewe (muziki wa Halloween ya 1978 ni wake), safari hii akampa mzee. Akatumia sehemu tu ya kilichorekodiwa, na kuchomeka vipande vyake vichache vya kinanda cha umeme.

Angalau sikuwa kiziwi peke yangu. Mwaka 1983 muziki huo uliteuliwa kuwania Razzie, tuzo ya kejeli kwa kazi mbovu! Halafu mwaka 2015 Quentin Tarantino akatengeneza The Hateful Eight: theluji tena, watu wamefungiwa tena, na Kurt Russell yule yule. Pamoja na muziki mpya wa Morricone, akaweka baadhi ya vipande ambavyo Carpenter aliviacha. Februari 2016 mzee, akiwa na miaka 87, akapewa Oscar kwa muziki wa filamu hiyo, ya kwanza kuipata kwa kushindana. Ile ya 2007 ilikuwa ya heshima. Alifariki Julai 2020.

Nimemwomba mhariri nafasi ya masahihisho. Amecheka, akasema masahihisho ni ya majina na tarehe, siyo ya masikio. Ndiyo maana naandika hapa.

Mwenye kibanda bado yupo mtaani, siku hizi anauza chipsi. Nimeazima zile hedifoni, jioni nampelekea.