Shizuoka: Mji wa Manowari za Kiganjani

Mji wa Shizuoka uko katika pwani ya kisiwa cha Honshu, nchini Japani, kiasi cha kilomita 180 kwa reli kutoka Tokyo. Kaskazini yake imesimama milima, kusini yake imetanda Ghuba ya Suruga, na siku za baridi, anga liwapo safi, Mlima Fuji huonekana umevaa kilemba cheupe cha theluji. Wajapani huusifu mji huu kwa chai yake. Lakini wako watu wengi wenye mvi, Japani na ng'ambo, ambao jina la Shizuoka huwakumbusha jambo jingine: harufu ya gundi, karatasi ya maelekezo iliyokunjuliwa mezani, na manowari ndogo ya plastiki ambayo kwa ajili yake mtoto aliitwa mara tatu kuja kula.

Ustadi wa mji huo haukuanzia katika plastiki. Mtawala mashuhuri Tokugawa Ieyasu aliumalizia uzee wake hapo, akafa mwaka 1616. Maseremala, wachongaji na mafundi wa rangi waliitwa kujenga mahekalu makubwa, na wenyeji husimulia kwamba kazi ilipokwisha wengi wao hawakurudi makwao. Mbao zilikuwa karibu, na hali ya hewa ilikuwa ya upole. Hivyo ufundi ukarithiwa baba kwa mwana, hata katika karne ya 20 mji ukawa unatengeneza ndege za mbao za watoto.

Kisha vikaja vita. Mwezi Juni, 1945, ndege za Marekani ziliuteketeza mji kwa mabomu ya moto. Mwaka uliofuata Yoshio Tamiya alianzisha biashara ya mbao, na baadaye akaongeza mifano ya mbao ya meli na magari. Moto ukamwunguzia mali yake mwaka 1951. Alipoinuka tena, mifano ya plastiki kutoka nchi za nje ilikuwa imeanza kuingia madukani, nayo ile ya mbao ikabaki rafuni ikishika vumbi.

Mwaka 1960 kampuni yake ikatoa mfano wake wa kwanza wa plastiki: manowari Yamato. Meli yenyewe ilizamishwa Aprili, 1945, ikafa na mabaharia wapatao 3,000. Mfano huo haukuleta faida, kwa maana mshindani aliuza wake kwa bei nafuu. Kilichoiokoa kampuni ni kifaru cha Kijerumani aina ya Panther, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, chenye mota ndani yake na uwezo wa kutambaa sakafuni. Ukubwa wake ulipimwa ili mota na betri vipate nafasi, ikatokea sehemu moja kwa 35 ya kifaru halisi. Kipimo hicho kilichozaliwa na betri ndicho kinachofuatwa hadi leo na waunda vifaru vidogo duniani kote.

Mwanawe, Shunsaku Tamiya, hakuridhika na kukisia. Alisafiri hadi Aberdeen, Marekani, na Bovington, Uingereza, akavipiga picha na kuvipima vifaru katika majumba ya makumbusho. Alipotaka kutengeneza mfano wa gari la Porsche, alinunua gari zima, akaamuru lifunguliwe skrubu kwa skrubu.

Askari asomaye habari hizi aweza kuuliza: je, ni haki vita kugeuzwa mchezo wa watoto? Hakika kifaru cha plastiki hakina joto, wala kishindo, wala majeruhi. Lakini katika nyumba ambamo baba alirudi kutoka vitani akiwa mtu wa kimya, huenda manowari ile mezani ilileta swali ambalo mtoto asingethubutu kuliuliza vinginevyo. Wengi walijua kwanza kutoka kwenye boksi kwamba ilikuwako meli iliyoitwa Yamato, na kwamba haikurudi.

Mambo yamebadilika. Tangu mwaka 1980 vijana walivutwa na mifano ya Gundam, yale madubwana ya chuma ya filamu za katuni, na mwaka 2006 kiwanda kipya cha mifano hiyo kilifunguliwa mjini humo. Baadaye michezo ya kompyuta ikawanyakua watoto wengi. Hata hivyo mji haukuiacha sifa yake. Tangu mwaka 2021 umesimamisha barabarani minara iliyofanywa kama vipande vya mfano ambavyo bado vimeshikwa na fremu yake, kimoja kikiwa sanduku la posta. Kila Mei hufanyika maonyesho makubwa, na waunda mifano hufika na kazi zao wamezifunga kwa uangalifu kama mayai.

Shunsaku Tamiya alifariki Julai, 2025, akiwa na umri wa miaka 90. Watoto waliogandisha Panther ya kwanza sasa ni wazee. Wengi hununua tena boksi lile lile la utotoni, lakini macho hayaoni vizuri na mkono unatetemeka. Hapo ndipo mjukuu huitwa aweke simu yake kando, ashike koleo, na kukata kipande cha kwanza.