Pale Husemi Rafiki

Neno lenyewe ni fupi: filos. Kamusi yangu ya Kigiriki imelipa karibu safu nzima, na mwezi mzima wa Novemba nilikaa nalo maktabani kama mwenyeji aliyekaa na mgeni asiyeaga. Linaweza kuwa rafiki. Linaweza kuwa mpendwa. Likiambatana na mkono au goti la mtu, katika Homer, wakati mwingine humaanisha tu kwamba kiungo hicho ni chake. Mimi nililihitaji kwa ajili ya mahali pamoja katika kitabu cha 21 cha Iliad, pale Achilles anapomwita hivyo kijana ambaye muda mfupi baadaye atakuwa amemuua.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu ushujaa na ukatili katika Iliad, na sehemu yake ni tafsiri ya kurasa chache kwa Kiswahili. Niliichagua mada hii nikiwa na picha ya Achilles niliyoitoa kwenye filamu: misuli, nywele, mshale kisiginoni. Sikukaa sana huku Ujerumani kabla ya kugundua kwamba kisigino hakimo. Homer hakitaji. Habari ya mama kumchovya mwanawe katika mto wa kuzimu tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, mamia ya miaka baadaye. Farasi wa mbao naye hayumo katika Iliad, na shairi linakwisha Achilles akiwa hai. (Nakiri nilisikitika. Nilishaandika aya nzima ya kulinganisha kisigino hicho na kitovu cha Fumo Liyongo, aliyechomwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Nikaifuta.)

Kilichomo ni hasira. Ndilo neno la kwanza la shairi lenye mistari zaidi ya 15,000. Hata neno shujaa lilinisumbua, maana heros ya Homer haina uzito tunaoudhania: wanaitwa hivyo wapiganaji kwa jumla, na katika Odyssey anaitwa hivyo hata Demodocus, mwimbaji kipofu ambaye hatumwoni akishika mkuki.

Na watu wanauawa. Wanauawa kurasa kwa kurasa, na mshairi anakuambia mkuki umeingilia wapi na umetokea wapi, meno gani yameng'oka, utumbo umemwagikia wapi. Mara ya kwanza nilisoma nikikunja uso, mara ya pili nikaanza kuchoka, na kuchoka kule kukanitisha zaidi. Ila kuna jambo ambalo filamu haikunionyesha: zaidi ya watu mia mbili wanakufa kwa majina yao. Mtu hajawahi kutajwa kabla, hatatajwa tena, lakini kabla hajaanguka unaambiwa baba yake ni nani na alikuwa na nini nyumbani. Simoeisius aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kando ya mto Simoeis, siku alipofuatana na wazazi wake kwenda kuangalia mifugo. Alikufa hajawalipa wazazi wake malezi. Basi. Ndiyo habari yake yote. Nilipoisoma nilifikiria wasichana tuliosoma nao walioitwa Mvua na Siku, wa kijiji cha pili yake.

Kijana wangu wa kitabu cha 21 anaitwa Lycaon, mtoto wa mfalme Priam wa Troy. Achilles anamjua. Aliwahi kumkamata usiku katika shamba la baba yake, akikata matawi machanga ya mtini ya kutengenezea kingo za gari la vita, akamvusha bahari na kumuuza kisiwani Lemnos kwa thamani ya ng'ombe 100. Mtu wa kisiwa jirani, mwenye urafiki na familia yao, akamkomboa. Lycaon akarudi kwao. Akakaa na jamaa na rafiki zake siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili akaangukia tena mikononi mwa mtu yuleyule.

Amevua kofia ya chuma. Ngao hana, mkuki hana. Ametupa kila kitu kwa sababu ya jasho na uchovu wa kutoka mtoni. Achilles anarusha mkuki, unampita juu ya mgongo na kukita ardhini. Lycaon anainama, mkono mmoja unashika magoti ya Achilles, wa pili unaushika ule mkuki na hauuachii. Anajitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba ni kwa Achilles alikoonja chakula kwa mara ya kwanza siku ile ya kukamatwa, kwa hiyo wamekula pamoja. Hoja hii haihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili. Ya pili, kwamba yeye na Hector hawakutoka tumbo moja, na ni Hector aliyemuua Patroclus.

Achilles anamwita filos, kisha anamwambia afe naye. Anamuuliza analilia nini, wakati Patroclus, aliyekuwa bora kuliko yeye, amekufa. Anajitaja mwenyewe: mrefu, mzuri, mtoto wa mungu wa kike, na bado iko asubuhi au jioni au mchana ambapo mtu atamtoa roho. Lycaon akisikia hivyo anauachia mkuki. Anakaa chini, mikono yote miwili wazi. Upanga unaingia karibu na mfupa wa bega, shingoni. Kisha Achilles anamshika mguu, anamtupa mtoni, na kumwambia maiti kwamba mama yake hatamlaza kitandani wala kumlilia; samaki watamshughulikia.

Wataalamu wamegawanyika juu ya neno lile. Wako wanaoliona ni kejeli tupu. Wako wanaosema Achilles analisema kwa dhati: anamkaribisha Lycaon katika ndugu wa aina moja tu waliobaki, yaani watu watakaokufa. Simone Weil, katika insha aliyoitoa Ufaransa wakati Wajerumani wameshaingia Paris, aliandika kwamba kiini cha shairi zima ni nguvu, ile inayomgeuza mtu kuwa kitu hata kabla hajafa. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani aliyewatibu maaskari wa Vietnam, alitoa kitabu mwaka 1994 akionyesha kwamba wagonjwa wake walipitia njia ya Achilles hatua kwa hatua: kamanda anakudhulumu, mwenzako anauawa, kisha unakuwa mtu ambaye mkeo hatamtambua. Niliwasoma wote. Nikaandika rafiki. Lilikuwa neno la usalama.

Julai nilirudi nyumbani Musoma. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwanajeshi. Alivuka kwenda Uganda katika vita ya Kagera akiwa na miaka ishirini na mitatu. Nyumbani kwake kuna picha yake moja ya sare, ukutani juu ya redio, na sisi wajukuu tumekua tukiitumia. Shuleni, ikifika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: babu yangu alipigana na Amin. Mwenyewe siku hiyo huzima redio na kwenda kukagua ng'ombe ambao hawahitaji kukaguliwa. Bibi aliwahi kuniambia kwamba kuna mwenzake waliyeanza naye depo aliyebaki Lukaya, Machi 1979, na kwamba nisimuulize. Sikumuuliza.

Jioni moja akanikuta nasoma barazani. Babu huniita mchumba, kama babu wengi.

"Mchumba, huko Ulaya wanakufundisha nini hata wiki nzima hujafua?"

Nikamwambia: shairi la vita, la zamani sana, la Wagiriki. Akaomba nimsomee. Nilikuwa na rasimu ya Lycaon mkononi, kurasa nne. Nikasoma yote, kutoka matawi ya mtini hadi samaki. Alisikiliza akiangalia ziwa. Nilipomaliza alikaa kidogo, kisha akauliza, "Nyumbani alikaa siku ngapi?"

"Kumi na moja, babu."

"Kumi na moja." Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu ya likizo. Halafu akasema, "Lakini hapo umekosea. Pale husemi rafiki."

"Unasemaje?"

"Unasema ndugu."

Nikaanza kumweleza habari ya kamusi. Akanikatisha bila ukali. Akasema wale walikuwa wanaongea Kiswahili. Nililijua hilo kwa vitabu, kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za Waingereza, lakini sikuwahi kufikiria maana yake ni nini kwa mtu aliyesimama mbele yao na bunduki. Maana yake ni kwamba walisikia kila kitu.

"Alitoka mgombani," babu akasema. "Baada ya Lukaya. Hana bunduki, viatu kavua. Huyu wa kwako kashika mkuki. Yule alishika mtutu. Akasema, ndugu, mimi nina mama."

Kuku walikuwa wanaingia bandani. Nakumbuka kwa sababu niliwaangalia wao.

"Nikamwambia, ndugu, hata mimi ninaye."

Nilisubiri. Kisha nikauliza swali ambalo nimeshajilaumu nalo mara nyingi: "Halafu?"

"Halafu tukasonga mbele," akasema. Akanyanyuka, akaokota fimbo yake, akaenda kufunga zizi.

Hatukurudia mazungumzo yale. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mchumba, akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Ile picha ya ukutani nilishindwa kuiangalia kwa siku mbili, halafu nikaiangalia sana. Nilikuwa sijaona jinsi alivyokuwa mdogo. Masikio yamezidi kichwa. Sijui kijana wa mgombani alikuwa na miaka mingapi, wala sijui kama alifika kwao, na nimejizuia kumalizia habari ile kwa namna yoyote, ya kheri au ya shari, ingawa kila nikisoma upya kitabu cha 21 mkono wangu unataka kuimaliza.

Niliporudi huku nilibadilisha neno. Kwa Kiswahili jambo likajipanga ambalo sikuliona kwa Kigiriki: Lycaon anajitetea kwamba yeye si ndugu wa tumbo moja na Hector, na jibu analopewa linaanza na ndugu. Tena kwa babu na kizazi chake neno hilo lilikuwa la redio na la mikutano, lililowekwa mbele ya jina la kila mtu, hata la rais. Lilikuwa neno la kawaida mno. Labda ndiyo maana lilipatikana kwa haraka pale.

Niliendelea na kitabu cha 24. Priam, mzee, anaingia usiku kambini kwa Achilles kuomba maiti ya Hector, na anaibusu mikono iliyomuulia watoto. Wanalia wote wawili, mmoja akimlilia mwanawe, mwingine akimlilia baba yake na Patroclus. Kisha Achilles anauliza wanahitaji siku ngapi za mazishi, na Priam anahesabu: tisa za kulia, ya kumi ya kuzika, ya kumi na moja ya kujenga kaburi. Ya kumi na mbili tutapigana, ikibidi. Nilisimamisha kidole pale. Najua kwamba siku kumi na mbili ni hesabu ambayo Homer huipenda. Hata Zeus, mwanzoni mwa shairi, anakwenda kula karamu kwa Waethiopia na kurudi siku ya kumi na mbili. Lakini mimi nilisikia sauti ya babu ikirudia, kumi na moja.

Wiki iliyopita msimamizi wangu amerudisha sura ya tatu. Pembeni ya neno ndugu amechora duara kwa kalamu ya risasi na kuandika kwamba chaguo hili linavutia, ila nitoe chanzo. Duara bado lipo. Nimempigia bibi simu nikamuuliza babu anaendeleaje. Amesema yuko zizini.