Kwa Nini Koti Langu Lilinuka Moshi



Jumapili iliyopita tulipokuwa tukisalimiana mlangoni, mama mmoja aliniuliza, "Mchungaji, mbona koti lako leo linanuka moshi?" Nilicheka, nikamwambia nitamjibu. Jibu lenyewe ni hili. Na wewe lisome, hasa kama una watoto nyumbani.

Kwa miaka mingi mke wangu ameniomba tutoke na watoto hata siku mbili tu. Jibu langu lilikuwa lile lile: "Mama, pesa iko wapi?" Kichwani mwangu, kutoka maana yake ni hoteli ya Diani, na bili ambayo mchungaji wa Mkongani hawezi kuilipa. Kumbe tunaishi kando ya Hifadhi ya Shimba Hills, ambayo watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona! Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968, na ndipo mahali pekee Kenya ambapo palahala bado anaishi porini. Binti yangu ana miaka 9, amezaliwa hapa, na hakuwa amemwona hata siku moja. Ndovu alikuwa akiwajua kwa habari za mashamba yaliyoharibiwa tu.

Siku moja nilikuwa nikisoma Walawi 23. Pale Mungu anawaagiza Waisraeli wakae siku 7 katika vibanda vya matawi, ili vizazi vyao vijue jinsi alivyowakalisha vibandani alipowatoa Misri. Nikasimama hapo. Sikukuu ya Bwana, na vifaa vyake ni matawi ya miti! Nikaona aibu kwa zile hesabu zangu za hoteli.

Basi tukapanga. Hema tuliazima kwa kijana mmoja wa kanisa. Mzee jirani, Mdigo na Mwislamu, alituruhusu tulale chini ya mwembe shambani kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuchagulia mahali, mbali na mahindi na migomba, kwa sababu ndovu akitoka usiku hivyo ndivyo anavyovifuata. Tulibeba turubai, chandarua, sufuria mbili, unga, maharagwe na samaki wa kukaanga. Madafu alitupa mzee, akakataa pesa. Maombi ya Jumamosi niliwaachia wazee wa kanisa.

Jumamosi asubuhi ndugu mmoja alituingiza hifadhini kwa Probox yake, sisi tukaweka mafuta. Kiingilio tulilipa kwa eCitizen, kiwango cha raia, ambacho ni cha chini kuliko cha wageni wa nje. Tulitembea na askari wa KWS hadi maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka zaidi ya mita 20, watoto wakalowa na kucheka. Tulipokuwa tukirudi tukamwona palahala dume, mweusi, pembe zimepinda nyuma kama upinde. Binti yangu alinishika mkono, asiseme neno.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya niandike.

Usiku huo simu yangu iliisha chaji. Sitajisifu kwamba niliizima kwa imani, iliisha tu. Kijana wangu wa Gredi ya 8 alikuwa amelala kando yangu. Nilidhani amelala usingizi. Gizani akasema, "Baba, kuna wavulana wananipiga shuleni. Wananinyang'anya pesa ya chakula."

Nikamuuliza tangu lini. "Tangu muhula uliopita."

"Mbona hukuniambia?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema polepole, "Nilikuja kukuambia mara tatu, Baba. Ulisema nisubiri kidogo, kuna mtu anapiga."

Mpendwa, nimekesha kwa ajili ya watoto wenu. Nimepokea simu zenu saa nane za usiku na sijutii. Lakini wangu alikuwa akirudi nyumbani na njaa, nami nilikuwa nikimwambia subiri. Sikuwa na mahubiri usiku ule. Nilimwomba mwanangu msamaha. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri ikasikika, tukawasha moto tukanywa chai, kisha nikaja kanisani moja kwa moja. Ndiyo maana ya ule moshi.

Jumatatu nilikwenda naye shuleni, tukakaa na mwalimu wa darasa. Jambo halijaisha, lakini sasa habebi peke yake. Mwenyewe ameniruhusu niwaambie, na anaomba mmwombee.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inawataka wazazi wazungumze na watoto maneno ya Mungu nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi. Nilichokuwa sijaona ni kwamba mtoto naye ana maneno yake, na mengi huyatoa wakati huo wa kulala, taa ikiwa imezimwa na hakuna anayemkatiza. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye simu ya kanisa.

Kwa hiyo nakuomba, usingoje pesa ya hoteli. Chagua Ijumaa moja kabla mvua za masika hazijaanza. Azima hema, au funga turubai kwenye miti miwili. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na umuulize njia ya ndovu iko wapi. Usiku vilimani huwa na baridi na umande, kwa hiyo beba blanketi, na chandarua usikiache. Ukitaka kuingia hifadhini, angalia bei kwenye eCitizen kabla hujatoka. Na kama huwezi kufika mbali, laleni uani kwenu. Simu iache ndani ya nyumba. Nikikupigia mimi mchungaji wako usiku huo, usipokee.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kila "subiri kidogo" tuliyowaambia watoto uliotupa. Tupe masikio kabla hawajachoka kutuambia. Waponye waliokaa kimya muda mrefu, na uwape ujasiri wa kusema. Katika jina la Yesu, amina.

Ubarikiwe. Tuonane Jumapili, nami koti nimelifua.

Mchungaji wako