Kitendo Kilichonyooshwa: Kigiriki cha Kale, Kiambishi -ki- na Usomaji wa Muyaka

Mgeni anayezuru Ngome ya Yesu, pembezoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, aghalabu huelezwa kwamba ngome hiyo ilitekwa na Waomani mnamo Disemba 1698. Kauli hiyo haina kosa la kihistoria wala la kisarufi. Hata hivyo, kuna jambo inalolifunika. Mazingiwa yalianza Machi 1696. Kwa muda wa takriban miezi 33 ngome ilikuwa ikizingirwa, waliomo ndani wakifa kwa maradhi na njaa, walio hai wakingojea msaada kutoka Goa. "Ilitekwa" ni kauli ya mtu aliyekwisha kuujua mwisho. "Ilikuwa ikizingirwa" ni kauli inayomweka msikilizaji ndani ya kuta, pamoja na watu ambao hawakuujua mwisho huo.

Wanasarufi wa Kigiriki cha kale waliitambua tofauti hii na kuipa majina. Katika sarufi inayonasibishwa na Dionysius Thrax, mwanachuoni wa karne ya pili kabla ya Kristo, wakati uliopita umegawanywa sehemu nne, na mojawapo inaitwa paratatikosi, yaani wakati "ulionyooshwa". Warumi walipoiunda upya istilahi hiyo kwa Kilatini waliuita wakati usiotimilika, na jina hilo ndilo lililoenea katika sarufi za Ulaya. Majina haya mawili hayalingani. La Kilatini linakipima kitendo kwa kile kinachokikosa, yaani ukomo. La Kigiriki linakieleza kwa kile kilicho nacho, yaani urefu. Istilahi ya Kiswahili "hali isiyotimilifu" imefuata njia ya Warumi, na yumkini imewazoesha wanafunzi kuiona hali hii kama upungufu.

Matumizi ya paratatikosi ni mengi. Huonyesha kitendo kilichokuwa kikiendelea, mazoea ya zamani, au kitendo kilichokuwa kikianza. Lililo muhimu zaidi kwa mhakiki ni matumizi yake kwa jambo lililojaribiwa bila kuthibitishwa kwamba lilifaulu. Kitenzi cha kushawishi ni mfano mwema. Kwa umbo la aoristi, epeise, maana yake ni kwamba mtu alimshawishi mwenziwe na mwenziwe akakubali. Kwa umbo la paratatikosi, epeithe, maana yake ni kwamba alikuwa akimshawishi. Kama alikubali au alikataa, kitenzi hakisemi. Kitenzi ni kile kile na wakati ni uliopita vilevile. Kinachobadilika ni mahali aliposimama msemaji.

Kiswahili nacho kina nyenzo za kulifanya hilo, ila kimezipanga kwa namna yake. Mzee anayehadithia barazani hulazimika kuutaja wakati uliopita mara moja tu: "Kusi lilikuwa likivuma, majahazi yakingoja bandarini, watu wakiulizana habari." Baada ya "lilikuwa", kiambishi -ki- hubeba mzigo wote, na kila kitendo hubaki wazi mpaka itokee -ka- kukikata: "mara nahodha akafika." Kwa hiyo, mfasiri anayerudia "alikuwa" kila akutanapo na paratatikosi katika matini ya Kigiriki huandika Kiswahili kizito kisichohitajika. Ukanushi nao una hazina yake. "Hakuja" hufunga habari. "Alikuwa haji" humwacha msikilizaji akingoja pamoja na waliongoja, na mara nyingine hudokeza kwamba asiyekuja alikuwa akikataa kuja, jambo ambalo ukanushi wa paratatikosi hulidokeza pia.

Huenda ikadaiwa kwamba ulinganisho huu unailazimisha sarufi ya Kibantu ivae nguo ya Kigiriki. Hoja hiyo ina uzito, kwani -ki- hutumika pia kwa masharti: "akija, tutamwambia." Lakini matumizi hayo mawili si mageni kwa kila moja. Katika masharti na katika maendelezo, -ki- hukitaja kitendo ambacho ukomo wake haujawekwa mbele ya msemaji. Kigiriki hakina kiambishi chenye kazi hizi mbili kwa pamoja, na hapa ulinganisho unaifaidi sarufi ya Kiswahili kwa kuonyesha upekee wake.

Faida iliyo kubwa zaidi ni ya uhakiki. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki takriban mwaka 1840, aliishi katika zama ambazo Mazrui walikuwa wakipambana na Seyyid Said. Leo kila msomaji anajua kwamba utawala wa Mazrui ulikoma mwaka 1837, na ujuzi huo hutangulia shairi. Tungo za ushujaa husomwa kama majivuno ya walioshindwa. Tahadhari husomwa kama utabiri. Namna tungo zenyewe zilivyohifadhiwa inazidisha mwelekeo huo. Zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, zikahaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mashairi yaliyokuwa yakipita mdomo kwa mdomo, yakijibiwa na kujibizwa, yakawa diwani iliyofungwa jalada.

Hata hivyo, Seyyid Said hakuiteka Mombasa kwa pigo moja. Alianza kuishambulia katika miaka ya 1820, akarudi zaidi ya mara moja kabla ya 1837. Kwa miaka hiyo yote alikuwa akiiteka Mombasa, kwa maana ile ile ya epeithe: kitendo kipo, matokeo hayapo. Ushairi wa kisiasa wa Muyaka ulizaliwa katika pengo hilo. Beti ya kuwahimiza watu wasimame imara haikuwa majivuno siku ilipotungwa. Ilikuwa sehemu ya vita ambavyo matokeo yake yaliwategemea hata walioisikiliza. Mhakiki anayeihukumu kwa mwaka 1837 ameibadili paratatikosi kuwa aoristi, akamnyang'anya mshairi hatari aliyokuwa akiikabili.

Hata ule mwaka 1698 haukuwa mwisho. Wareno walirejea ngomeni mwaka 1728, wakaondolewa mwaka uliofuata. Aliyesimama ukutani Disemba 1698 akitangaza kwamba mambo yamekwisha angekuwa amesema mapema mno. Mwanahistoria hana budi kuzitaja tarehe. Mhakiki anazihitaji pia, lakini kazi yake huanza pale anapoweza kuziweka kando kwa muda, akaisoma beti kama ilivyosikika barazani kwa watu waliokuwa wakingoja.