Uga Usioonekana na Neno "Huenda"

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina uzito wake Thika na Ruiru, ambako nyaya za umeme wa volteji ya juu kutoka mabwawa ya Mto Tana zimepita juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa na mkonge, na ambayo sasa imegeuka mitaa ya makazi. Mzazi anayetafuta nyumba ya kupanga karibu na nguzo hizo hujiuliza: je, "miale" ya umeme itamdhuru mwanawe?

Swali hilo si la kijinga. Mwaka 1979, Nancy Wertheimer na Ed Leeper walihusisha nyaya za umeme za Denver, Marekani, na saratani za watoto. Mwaka 2000, uchanganuzi wa tafiti kadhaa ulionyesha kuwa lukemia, yaani saratani ya damu, ilikaribia kuwa maradufu miongoni mwa watoto wachache walioishi penye uga sumaku wa mikrotesla 0.4 au zaidi. Ndipo mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likauweka uga huo katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani likasema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba uga ndio chanzo. Uchanganuzi wa mwaka 2022, uliotumia tafiti za karibuni zaidi, haukupata ongezeko la hatari.

Mzigo uliobaki ni wa lugha. Neno "miale" humpotosha msikilizaji, kwani humkumbusha eksirei, yenye uwezo wa kung'oa elektroni katika atomi za mwili. Umeme wa Kenya, wenye masafa ya herzi 50, hauna uwezo huo. Hata "mawimbi" hayafai sana: wimbi lake lina urefu wa kilomita 6,000, na aliye karibu na nyaya amezungukwa na uga tu, ambao hufifia kadiri anavyosogea mbali. Kinachoua pasi na shaka ni kuugusa waya wenyewe au kuukaribia mno.

Neno "huenda" likifasiriwa kuwa "husababisha", mzazi atahama bure. Likifasiriwa kuwa "hapana neno", atanyimwa haki ya kujua. Wanafunzi wa Kiswahili wasiwaachie wanafizikia kazi hii peke yao. Mzazi wa Ruiru anastahili kujibiwa kwa lugha ile ile anayoulizia.