TEQUILA NA UKWAJU WA ZIBA: NDUGU WALIOPOTEZANA

Watoto wa mjini ukiwauliza kilaji cha heshima ni kipi, watakutajia tequila kabla hujamaliza swali. Kigilasi kidogo, chumvi mgongoni mwa mkono, kipande cha ndimu, macho yanafumbwa, glasi inagongwa mezani pwaa! Basi, mtu kashakuwa wa kimataifa.

Leo, msomaji wangu, nakutoa huko kwenye taa za rangirangi nakupeleka Ziba. Usicheke. Ziba ni kata ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, majirani wa Nkinga penye ile hospitali inayojulikana. Ni nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, ya pamba, ng'ombe, vumbi na mikwaju. Na ladha zote zinazoitaka tequila zimejaa sokoni kule, tena kwa bei ya kutupa.

Kwanza tuijue yenyewe. Tequila inatoka Mexico, hasa jimbo la Jalisco, na jina lake ni la mji uliopo hukohuko. Wanachukua mmea uitwao agave ya bluu, unaokaa shambani miaka sita, saba au zaidi. Majani yanakatwa yote, kinabaki kitako kama nanasi kubwa. Kinaokwa mpaka kinakuwa kitamu, kinakamuliwa, maji yake yanachachushwa na mwishowe yanachemshwa kupata mvuke. Ndiyo maana ukiionja polepole unasikia majani mabichi, pilipili kidogo na utamu wa kitu kilichookwa.

Sasa huyo agave si mgeni kwetu hata kidogo. Katani ni mtoto wa ukoo huohuo! Mwaka 1893 Mjerumani Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya katani kutoka Florida, nayo asili yake ni Mexico. Katika miche elfu moja, inasemwa iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kutoka hiyo yakazaliwa mashamba yote yale. Na nani waliokwenda kuyakata? Wengi walikuwa vijana wa Unyamwezi, walioondoka kwao kwenda kuwa manamba. Babu zetu wamechomwa na miiba ya ndugu yake tequila, leo mjukuu anainunua kwa bei ya madebe kadhaa ya mahindi. Dunia ina vituko!

(Lakini usije ukaenda kukamua katani nyumbani. Maji ya majani yake yanawasha ngozi vibaya, na si hayo yanayotengeneza tequila.)

Turudi sokoni. Tequila ina ukali wa majani, kwa hiyo inataka vitu vinne: uchachu, chumvi, utamu na mwasho. Ndiyo siri yote. Wamexico wenyewe wanapenda sana embe na ukwaju vilivyopakwa chumvi na pilipili. Na hapo ndipo penye utamu wa habari, maana mkwaju asili yake ni hapahapa Afrika, na embe ilitoka Asia. Pilipili na mahindi navyo vilitoka kwao vikaja kwetu. Tumebadilishana mapishi zamani, bila hata kusalimiana.

Tabora ilikuwa mjini zamani hizo, msomaji. Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, mwaka 1857, na mwaka uliofuata Speke akapanda kaskazini mpaka kwenye ziwa aliloliita Victoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani wakarudi na nguo na shanga. Chumvi nayo ilikuwa na safari zake, ikitoka Uvinza kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Na miembe unayoiona Tabora mpaka leo ni kumbukumbu ya misafara hiyo. Kwa hiyo chumvi, embe, ukwaju na asali ya miombo vilijuana zamani. Aliyechelewa kufika ni tequila.

Nilipita kwa mama mmoja muuza ukwaju. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayo." Akaitikia, akanikalisha kwenye kigoda. Nikamwambia nataka ukwaju wa kuchanganya na pombe kali ya Wamexico. Akaniangalia kama anayempima mbuzi mnadani.

"Mwanangu, hiyo pombe inakunywewa na chakula au inakunywa wewe?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na hapo, kijana mwenzangu, ndipo penye hoja. Mjini tequila tunaimeza mbiombio, tumbo tupu, tukishindana. Kijijini nako msimu wa pamba ukiisha, kuna wanaume pesa zao zinaishia kilabuni kabla hazijafika nyumbani, na mahitaji ya shule ya mtoto yanamngoja mama auze wanzuki yake ya asali. Wapo pia wanaokwenda kwa gongo kwa kuwa ni rahisi. Gongo haina kipimo, na ikiingia sumu ya methanoli inapofua macho au inaua. Ladha inakufundisha kunywa polepole, na anayekunywa polepole anajua pa kuishia.

Basi jaribu hivi. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto, ukamue, uchuje uwe mzito. Chukua vijiko vinne vya ukwaju, kijiko kimoja cha asali ya Tabora, nusu ndimu na kipimo kimoja kidogo cha tequila nyeupe. Changanya, ongeza maji baridi. Mdomo wa glasi upake ndimu, kisha uugusishe kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga. Asiyekunywa pombe aache tequila tu, vingine vibaki. Nakuhakikishia hatajiona mnyonge mezani.

Msimu wa maembe, weka embe iliyopondwa badala ya ukwaju. Ile tequila ya rangi ya dhahabu iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni inapatana zaidi na asali na karanga za kukaanga.

Jikoni sasa. Nyama ya mbuzi ilaze saa mbili kwenye ndimu, kitunguu saumu, pilipili, chumvi na vijiko viwili vya tequila. Ifute, ichome taratibu, na ikikaribia kuiva ipake ukwaju na asali. Kama unapika kwenye sufuria, iepue motoni kabla ya kumimina tequila, usije ukaunguza nyusi ukakosa mchumba! Kula na ugali wa mtama.

Na tafadhali usichanganye tequila na wanzuki usiku mmoja. Kila kimoja kina fujo zake.

Chini ya miaka 18, kwako ni juisi ya ukwaju. Mliobaki, mkipita Igunga au Nzega msipitilize mkisinzia kwenye basi. Nunueni ukwaju, nunueni asali. Na kabla hujafungua chupa, jiulize swali la yule mama. Kwaherini mpaka wiki ijayo!